Divai ya Miaka Yote

Marsala, 14 Novemba 1957

Shemeji yangu mpendwa Melchiorre,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, kile kikohozi kimekuachia, na baridi ya Ubelgiji haijakuzidi nguvu. Mimi nipo. Watu wakiniuliza hali huwajibu hivyo tu, "nipo," nao huondoka wameridhika.

Picha ya Bikira uliyonitumia ilifika. Nimeiweka karibu na picha ya Baldassare, ile aliyopigwa akiwa jeshini, amevimbisha kifua kama jogoo. Uliomba nikueleze kaka yako alivyokufa, maana telegramu haikukueleza kitu. Hakuna mengi. Ilikuwa katikati ya mavuno, jua halijafika utosini, kwenye safu za juu zinazotazama bahari. Alikuwa anamtania jirani yetu Gaspare: "Gaspare, ungekata zabibu kwa kasi unayokata mkate, tungekuwa nyumbani tangu juzi!" Kisha akaketi chini kati ya mizabibu. Gaspare alidhani ameketi ili acheke vizuri. Alipomfikia, mkasi ulikuwa bado mkononi, na uso wake ulikuwa na lile tabasamu la mtu anayesubiri ajibiwe.

Gaspare na nduguze walimaliza mavuno yetu bila kuniuliza, wakapeleka zabibu zote kwenye chama cha ushirika. Walinitendea wema. Nisingeweza kukamua hata kikapu kimoja.

Jumatatu ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Martino. Kila nyumba ilifungua divai mpya, harufu ya mikate ikajaa barabara nzima. Mimi nilifunga madirisha. Ndiyo siku ambayo Baldassare huingia kwenye chumba cha pipa la daima. Unayajua haya kuliko mimi, lakini acha niyaandike, kwa kuwa nikiandika namwona. Anavua kofia mlangoni. Anafungua kibomba polepole, anajaza chupa kubwa divai ya zamani, kisha anapanda ngazi na kumimina mpya kwa juu, kiasi kilekile alichotoa. Kabla ya kushuka anachovya kidole gumba kilichokolea tumbaku, ananusa, anacheka peke yake. Kila mwaka nilimuuliza anacheka nini. Kila mwaka alijibu, "Wamo."

Mwaka huu sikuchota wala sikujaza. Niliwasha mshumaa, nikayeyusha nta, nikaziba kizibo cha juu na kibomba cha chini. Aliyoimimina mwaka jana ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yake iliyobaki hai. Sitaki mtu yeyote aiguse. Nadhani utanielewa.

Shemeji yako,
Ninfa


Seraing, 6 Desemba 1957

Shemeji Ninfa,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, hasa pale penye utani wa Gaspare. Huyo ndiye kaka yangu. Hata utotoni, ukipigana naye, unajikuta unacheka kabla hujarusha ngumi.

Mimi ni mzima. Nimehama kutoka kambi ya wachimba makaa. Sasa nakaa mahali penye utulivu, madirisha makubwa, miti mirefu nje, na kuna dada mmoja wa nguo nyeupe ananiletea supu hadi kitandani. Ungeniona ungesema nimekuwa tajiri.

Lakini shemeji, lile pipa lifungue. Ondoa nta hiyo upesi. Pipa la daima halifungwi. Chota kidogo na ujaze. Usingoje mwaka mwingine.

Ni mimi,
Melchiorre


Marsala, 9 Januari 1958

Shemeji Melchiorre,

Nimefurahi kusikia umepata nyumba nzuri na mtumishi wa kukuletea supu. Baldassare angecheka. Angesema, "Melchiorre ambaye nyumbani alikula supu kwa sufuria ileile aliyoipikia!" Mshukuru Mungu kwa hayo, na huyo dada mlipe vizuri.

Barua yako ilikuwa fupi na ilinichoma. Nilikuandikia uchungu wangu, nawe ukaniandikia, "Lifungue, chota." Najua pipa ni la baba yenu, na wewe ndiye mwanaume wa mwisho wa nyumba. Kama unataka fungu lako la divai, sema waziwazi, shemeji. Nitamwita padri na Gaspare wawe mashahidi, nitachota sehemu yako yote, nikutumie hadi tone la mwisho. Sitakudhulumu. Lakini usiniambie nichote kana kwamba ni maji ya kisima.

Nieleze basi. Baldassare alimimina mara ya mwisho mwaka juzi. Nikichota, yeye anapungua. Nikijaza mpya, yeye anapungua tena. Mwaka ujao hivyohivyo. Baada ya miaka michache hakuna kitakachobaki chake mle ndani, na ni mimi mwenyewe nitakuwa nimemmaliza kwa mkono wangu. Hivyo ndivyo unavyonitaka nifanye?

Tena, hata nikijaza, ni kwa ajili ya nani? Mungu hakutupa mtoto. Wewe mke wako alitangulia, na huko uliko huna mtu. Siku nikifa, watakuja watu wasiotujua, wataona pipa kubwa kuliko mlango wa chumba chake, watalikata kuni.

Shangazi Crocifissa, yule bibi wa nyumba ya pili, huja kunitazama. Jana amenikuta nimekaa gizani kwenye chumba cha pipa, akasema, "We Ninfa, unaatamia nini humo, mayai?" Yeye husema tu. Anajua mjane hatakiwi kutoka nje kabla ya mwaka kuisha, basi yeye ndiye anayeniletea mkate, na ulimi wake pia.

Ninfa


Seraing, 20 Februari 1958

Shemeji yangu Ninfa,

Unisamehe. Niliandika haraka kwa sababu nilikuwa nimechoka, nikadhani maneno machache yatatosha kama yanavyotosha tukiwa tunatazamana. Sitaki fungu. Mtu hawezi kuwa na fungu katika kitu kile. Utaona mwandiko umebadilika. Mimi nasema, na mwenye kuandika ni kijana wa Palermo anayekaa chumba kimoja nami. Mkono wangu una baridi yabisi siku hizi.

Sasa nisikilize, nikueleze kama baba alivyonieleza mimi na Baldassare. Alitupandisha ngazini mmoja mmoja, akatushika kiunoni, akatuambia tuweke pua kwenye tundu la juu. Nilikuwa mdogo, nilitegemea harufu ya divai. Haikuwa divai. Ilikuwa lozi, na ngozi ya tandiko la farasi, na asali iliyosahauliwa kabatini, na chumvi ya bahari siku ya joto. Nikaogopa. Nilidhani kuna mtu ndani anapumua. Nikamuuliza baba, "Ni ya mwaka gani?" Akasema, "Ya miaka yote."

Babu wa baba ndiye aliyelianza, mwaka aliozaliwa mtoto wake wa kwanza. Mafundi waliliunda mlemle chumbani, kisha ndipo ukuta wa mlango ukajengwa. Ndiyo maana halitoki. Tangu hapo limechotwa na kujazwa, kuchotwa na kujazwa, na halijapata kuwa tupu hata siku moja. Fikiri, Ninfa. Wale wapiganaji wa mashati mekundu waliokuja kuiunganisha nchi yetu waliposhuka kwenye meli pale bandarini petu, na watu wakajifungia majumbani hawajui ni wakombozi au ni maharamia, zabibu za kiangazi kile zimo. Mwaka wa mabomu, wakati nusu ya mji ilipolala chini, umo. Mwaka uliozaliwa wewe umo. Umo na mwaka mmoja ambao baba alisema mvua ilinyesha mavuno yote na divai ikatoka kama machozi ya paka, akaimimina hivyohivyo, akasema pipa litaisamehe.

Unasema Baldassare atapungua. Ni kweli atapungua. Lakini sikiliza hesabu hii, maana iliwahi kunitoa usingizi chini ya ardhi, nikichimba makaa na taa ndogo kichwani. Baba hakuchota zaidi ya sehemu moja ya kumi. Zile tisa zikabaki, zikachanganyika na mpya. Mwaka uliofuata akachota tena sehemu moja ya kumi, ambayo ndani yake mlikuwa na kidogo cha ile ya kwanza, lakini si yote. Na mwaka mwingine tena, kidogo zaidi, si yote. Endelea hivyo miaka mia. Hakuna siku utakayoweza kumchota mtu mzima akaisha. Hawezi kwisha, Ninfa. Atakuwa mdogo kama harufu, lakini kila glasi itakuwa naye. Divai ya mzee aliyelianza bado imo. Uliinywa siku ya harusi yako, kwenye zile glasi ndogo zenye ukingo wa dhahabu. Ulikunywa watu wote wa nyumba uliyokuwa unaingia.

Lakini hayo yanakuwa hivyo pipa likiwa hai tu. Mbao zinapumua. Divai inapungua yenyewe kila siku ya joto, na juu inabaki nafasi ya hewa. Isipojazwa, hewa inashinda, na siku moja unafungua unakuta siki. Siki ya miaka mia na ishirini. Na Baldassare atakuwa humo, pamoja nao wote.

Siwezi kuja. Ningeweza, ningekuja kwa miguu.

Nduguyo,
Melchiorre


Marsala, 21 Aprili 1958

Shemeji yangu,

Sikukujibu mapema kwa sababu nilikuwa natafuta cha kusema. Ile hesabu yako nimeifanyia mazoezi jikoni na bakuli la maziwa na kahawa. Nikachota kijiko, nikaongeza maziwa, nikachota, nikaongeza. Shangazi Crocifissa akanikuta. "Haya, sasa unacheza mapishi kama mtoto." Nikamweleza. Akatazama bakuli muda mrefu, nayo maziwa yamekuwa meupe kabisa. Akachovya kidole, akaonja. Akasema, "Kahawa imo." Kisha akaketi, akalivuta bakuli, akaonja tena.

Lakini nilichelewa, Melchiorre. Wiki ya baada ya Pasaka upepo wa jangwani ulivuma, siku tatu mchana kama tanuri, vumbi jekundu juu ya kila kitu. Upepo ulipotulia nikaingia chumbani. Nta ya juu ilikuwa imelainika na kupasuka. Nikapanda ile ngazi, nikabandua iliyobaki, na kwa mara yangu ya kwanza tangu niolewe nikaweka pua.

Lozi zilikuwepo. Na asali. Vyote ulivyovitaja vilikuwepo, hata nikashika ukingo wa pipa nisianguke, jinsi vilivyopanda kwa pamoja. Lakini nyuma yake kulikuwa na kitu chembamba, kikali, kinachochoma puani kama sindano. Nikateremsha kijiti kupima. Divai imeshuka sana kuliko nilivyofikiri.

Nifanye nini? Niko tayari kujaza. Sina wasiwasi tena. Lakini nijaze na nini? Sina divai yetu ya mavuno yaliyopita. Zabibu zote alizopanda Baldassare zimekwenda kwenye matangi ya ushirika, zimechanganyika na za mkoa mzima, na sasa labda zinanyweka Genova. Nikingoja mavuno ya Septemba, kiangazi kitapita katikati. Humo haijaingia isipokuwa divai ya nyumba hii. Siwezi kuwa mimi, mgeni niliyeolewa, nitakayemimina ya kununua juu ya wazee wenu.

Nijibu upesi. Na mbona huniambii habari za kazi yako? Mgodi umekupa likizo ndefu namna hii?

Ninfa


Seraing, 5 Mei 1958

Ninfa,

Jaza na divai yoyote nyeupe safi ya vilima vyetu. Yoyote. Usingoje.

Siyo kweli kwamba humo mna ya nyumba yetu tu. Ule mwaka mdudu alipokula mizizi ya mizabibu yote, mashamba yalikauka kuanzia Trapani hadi Mazara. Bibi yetu Leonarda alikuwa mjane kama wewe. Alilijaza na divai ya kuomba. Baba alituambia jambo hili mara moja tu, na Baldassare akaona aibu, hakulitaja tena. Muulize shangazi Crocifissa. Alikuwa msichana wakati huo.

Sina nguvu ya maneno mengi leo. Ukishajaza, nitumie kidogo, cha kujaza glasi moja tu.

Melchiorre


Seraing, 8 Mei 1958

Bibi Ninfa,

Hunijui. Naitwa Nunzio, ni mtu wa Palermo, ndiye ninayemwandikia shemeji yako barua. Hii naandika bila yeye kujua, yupo upande wa pili wa chumba amelala. Akijua atanirushia kiatu, kama bado ana nguvu ya kuinua kiatu.

Bibi, hapa siyo nyumba. Ni hospitali ya wagonjwa wa kifua. Yule dada wa nguo nyeupe ni mtawa muuguzi. Mwanzo, uliposema amlipe vizuri, Melchiorre alicheka hadi akakohoa damu, na mtawa akatutukana sote wawili kwa Kifaransa. Vumbi la makaa limemjaa mapafuni. Mimi pia ninalo, lakini langu bado jembamba. Lake madaktari wameacha kulisemea. Wanampigapiga begani tu wakipita.

Hataki ujue kwa sababu umefiwa juzi. Anasema mwanamke haongezwi msiba juu ya msiba. Mimi nasema mwanamke akikutwa na jambo ghafla ni vibaya zaidi. Mama yangu aliambiwa habari za baba yangu sokoni, ameshika samaki mkononi.

Anazungumzia pipa lenu mchana kutwa. Wodi nzima tunalijua. Kuna Mpolandi hapa, haelewi neno letu hata moja, lakini Melchiorre akianza kuonyesha kwa mikono lilivyo kubwa, Mpolandi anavua kofia. Jana ameuliza kama umejaza. Nikamwambia barua haijafika. Akasema, "Basi nitangoja." Daktari hakutegemea kama angefika Pasaka, bibi. Nadhani habari ya pipa ndiyo anayoingoja.

Nisamehe mwandiko na kiherehere.

Nunzio Badalamenti


Marsala, 19 Mei 1958

Shemeji yangu Melchiorre, ndugu yangu,

Kwanza nikuambie, ili usome mengine ukiwa umetulia: limejazwa. Sasa nitaanza mwanzo.

Barua mbili zilifika siku moja, yako na nyingine. Usimkasirikie Nunzio. Amenitendea haki, na mwambie mama yake alilea mtoto mwema. Nililia kidogo jikoni, nikaosha uso, nikachukua mtungi, nikajitanda shela nyeusi, nikafungua mlango wa mbele. Tangu mazishi sijakanyaga barabara. Mchana mweupe, Melchiorre! Mke wa mwokaji alisimama na ufagio hewani. Nikasikia mtu anasema, "Mjane wa Baldassare amerukwa na akili, anatembea na mtungi." Nikaendelea kutembea.

Shangazi Crocifissa alikuwa kizingitini anamenya maharage mabichi. Akanitazama tangu juu hadi chini. Nikafikiri sasa ndipo atakaponitukana. Akasema, "Umechelewa. Leonarda alikuja kabla ya joto." Kisha akaendelea kumenya. "Alisimama papo hapo uliposimama. Shela kama hiyo. Mama yangu akamjazia mtungi, na akamwambia kama kuna mtu atakayecheka, amlete kwake. Mume wako alikwambia ni mwaka mmoja, siyo?"

"Melchiorre ndiye aliyeniambia, shangazi. Mume wangu hakuniambia kitu."

"Basi Melchiorre naye hajui. Miaka mitano! Mizabibu mipya inachukua muda kuzaa, unadhani inaota kama ndevu? Miaka mitano Leonarda alizunguka nyumba hizi. Kila nyumba ilimpa. Wengine hawakuwa na ya kunywa wenyewe, na walimpa."

Nikamuuliza kwa nini walimpa, kama wenyewe walikuwa na njaa. Akakasirika. "Kwa nini! Ya kwetu yote ilikuwa inakwisha, mashamba yamebaki vijiti. Lile pipa ndilo pekee ambalo lingebaki na divai ya mizabibu yetu ya zamani. Ya kwenu peke yenu, ha! Sisi sote tumo mle. Wewe umekaa unaatamia miezi yote hii, hata hujui unaatamia nani."

Nikamwambia lile lililokuwa linanisumbua, kwamba sina mtoto, sijui najaza kwa ajili ya nani. Akaweka maharage chini. "Na hao waliokujazia wewe, walikuwa wanakujua?"

Nikamnyooshea mtungi. 

Akanijazia. Kisha akamwita Gaspare kwa sauti ambayo nadhani waliisikia Tunisi, na Gaspare akaja na dumu lake begani, na mke wa mwokaji, yule wa ufagio, akaja na chupa mbili chini ya aproni bila kusema neno. Gaspare alionja kila moja kwanza, akakataa moja ya ndugu yake mwenyewe. "Hii ya Ignazio tutaipikia sungura." Ignazio akanuna. Tulicheka, Melchiorre. Mimi pia nilicheka, na shela yangu kichwani.

Gaspare alitaka kupanda ngazi animiminie. Nikamwambia, "Shikilia tu isiteleze." Nilichota kwanza kama ulivyosema. Nilipofungua kibomba, ilitoka rangi ya gitaa la zamani, na jua la dirishani likapita ndani yake likaangukia ukutani, doa la dhahabu linatikisika.  Gaspare, ambaye haachi kusema hata kanisani, alivua kofia. Kisha nikapanda, nikamimina mpya kidogo kidogo, ya nyumba hii, ya nyumba ile. Nilisikia inavyoshuka gizani na kupokelewa. Ile harufu ya sindano ilikuwepo mwanzo. Nilipomaliza niliinamisha pua, nikangoja. Haijaondoka yote. Gaspare naye alinusa, akasema ni ndogo, litaimeza. Nimepanda kila asubuhi tangu siku hiyo, na leo nimeitafuta sikuiona.

Nikaonja. Siku ya harusi sikuonja kitu, nilimeza tu, nilikuwa naogopa mama mkwe. Safari hii nilikaa kwenye ngazi ya chini, nikaishika mdomoni. Sijui nikuandikieje, mimi niliyeishia darasa la tatu. Unajua unapoingia kanisa kubwa likiwa tupu, unasikia hatua zako mwenyewe, halafu unahisi kwamba si tupu hata kidogo? Ilikuwa hivyo, lakini mdomoni. Ilikuwa kavu, na tamu, na ya chumvi, na kila nilipodhani imekwisha ikaja nyingine nyuma yake, na nyingine, wanapishana polepole kama watu wanaotoka misa. Nilimeza, na bado walikuwa wanapita. Nilikaa pale hadi Gaspare akauliza kama nimepata nguvu za kusimama.

Walipita bibi Leonarda, ambaye sikuwahi kumwona. Yule mzee aliyelianza, ambaye hata jina lake silijui, uniandikie. Mama yake Crocifissa. Na mwisho kabisa, nikiwa nimeshanyanyuka, ladha kidogo ya moshi wa tumbaku, na nikajua kidole cha nani kilichochovywa mle ndani miaka yote hii. Wengine watasema ni mawazo yangu. Waseme.

Nakutumia chupa nzima, siyo glasi moja. Ignazio aliyenuna anakwenda kutafuta kazi huko kwenu, anapanda treni kesho. Ameifunga kwa soksi zake zote na ameapa kwa mama yake. Mpe Nunzio, na mpe yule Mpolandi aliyevua kofia, na yule mtawa pia, mwambie nilimkosea heshima. Usinywe haraka. Ishike mdomoni, wangoje wapite.

Sitakwambia utapona, ndugu yangu. Nunzio ameniambia kweli nami nitakuambia kweli. Kama ungekuwa hapa ningekulisha kwa kijiko, kama tulivyomlisha mama yenu. Usiogope. Nimekaa nao mchana mzima na hawatishi. Ni watu wa nyumbani.

Na ukimwona kabla yangu, mwambie Baldassare pipa limejaa, na aliyelijaza ni mimi. Nikumbukeni.

Ninfa